Mbio za Siku Mbili Kandokando ya Tanganyika

Wazee wetu walisema: Tembea uone. Wengi huiona nchi wakiwa ndani ya gari, na wengine wakiwa ndani ya merikebu. Leo twataka kuwasimulia jinsi sisi watatu tulivyoiona kwa mbio za miguu, katika mwisho wa juma mmoja tu: Jumamosi katika Uvira, mji wa Kongo, na Jumapili katika Bujumbura, mji wa Burundi.

Siku zenyewe hatukuzichagua ovyo. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Kongo, iliyojitawala mwaka 1960. Tarehe 1 Julai ni sikukuu ya uhuru wa Burundi, iliyojitawala mwaka 1962. Kila mwaka sikukuu hizi hufuatana kama ndugu wawili njiani, lakini si kila mwaka zinaangukia Jumamosi na Jumapili. Mwaka 2018 zilifanya hivyo, nasi tukasema: Haya, nusu moja tuikimbie kwa ndugu mkubwa, na nusu nyingine kwa ndugu mdogo.

Nusu ya nini? Wanafunzi watapenda kujua. Mbio ndefu ziitwazo marathoni zina kilometa 42 na mita 195. Urefu huo ulitumika mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, wakimbiaji walipoanza katika jumba la kifalme la Windsor na kumaliza ndani ya uwanja; na mwaka 1921 ukawekwa kuwa kipimo cha mbio hizo popote duniani. Nusu yake ni kilometa 21 na mita 97 na nusu. Basi mtu akikimbia nusu leo na nusu kesho, amemaliza marathoni nzima, ila amelala usingizi katikati.

Mashindano hayakuwapo, wala kombe, wala namba za kubandika kifuani. Njia tulijipimia wenyewe kwa saa ya mkono inayohesabu mwendo. Tulikuwa watatu: mwalimu mmoja, mzaliwa wa Uvira, seremala mmoja kijana wa Bukavu, na mwandishi wa habari hizi.

KUSHUKA UVIRA

Tuliondoka Bukavu siku ya Ijumaa asubuhi, na kusema kweli hiyo ndiyo safari iliyotuchosha zaidi. Bukavu iko juu, penye ubaridi, karibu na ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Mto Ruzizi, unaotoka ziwa la juu na kuingia ziwa la chini, huteremka tofauti hiyo yote kwa njia ya kilometa zisizofika 120. Nasi tuliteremka vivyo hivyo: kwanza mteremko wa Ngomo wenye kona kali, malori yakipishana kwa shida, kisha Kamanyola, kisha uwanda mpana wa Ruzizi, penye Luvungi na Sange, mashamba ya mpunga na muhogo, ng'ombe na vumbi. Kadiri tulivyoshuka, makoti yalivuliwa moja moja. Tulipofika Uvira tulikuwa na mashati tu, nayo yamelowa jasho.

Yeyote asiyeujua mji huu na aufikirie hivi: upande wa magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta, upande wa mashariki ni maji, katikati pana kipande chembamba cha ardhi, na juu yake mji mzima umejinyosha kutoka Kavimvira, kaskazini, hata bandari ya Kalundu, kusini. Mito inashuka kwa haraka kutoka milimani na kuukata mji vipande vipande: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Jua linachomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na jioni linajificha mapema nyuma ya Mitumba, hata kivuli kinawafunika watu wa Uvira wakati maji yangali yanang'aa mbele yao.

Usiku ule tulikula ugali wa muhogo, sombe na mukeke wa kuokwa, nasi tukalala mapema.

SIKU YA KWANZA

Tulianza karibu na daraja la Mulongwe saa kumi na mbili kasorobo, tukielekea kusini: kilometa kumi na nusu kwenda, kumi na nusu kurudi. Hewa ilikuwa bado tamu. Wafagiaji walikuwa wakiinua vumbi mbele ya maduka, na bendera chache za sikukuu zilikuwa zimekwisha kutundikwa.

Kabla hatujamaliza kilometa ya pili, mama mmoja mwenye beseni kichwani alisimama ghafula kando ya njia. Alitutazama sisi, kisha akatazama nyuma yetu, kule tulikotoka. Akauliza kwa sauti kuu:

"Munakimbia nini, watoto wangu? Kuko nini kule?"

Mwalimu alipunguza mwendo, akamwamkia kwa heshima, akamjibu: "Hakuna kitu, mama. Ni mchezo tu. Tunanyoosha viungo."

"Mungu asifiwe," akasema yule mama, akashika moyo wake. "Nilizania vita."

Wasomaji, tangu hapo mwalimu alitupa amri moja, nasi tuliishika njia nzima. Kila tulipokaribia watu tulipunguza mwendo, tukaamkia, tukatabasamu, ndipo tukaendelea. Kwa maana katika barabara ile mtu mzima hakimbii bure. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Kijana akishindana na wenzake, twasema anakimbia. Mama akibeba mtoto na sufuria kuponyoka risasi, twasema anakimbia. Wa kwanza ni mkimbiaji, wa pili ni mkimbizi. Lakini akiwa mbali barabarani, nani awezaye kuwapambanua?

Baadaye, tulipokuwa tukipanda kidogo mbele ya Kalundu, mwalimu alitusimulia habari zake, neno moja moja kwa sababu ya pumzi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1996, vita ilipoingia Uvira, yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mama yake alimtwika chungu cha maharage yaliyokuwa motoni, wakatoka. Walitembea kandokando ya ziwa kuelekea kusini, njia ile ile tuliyokuwa tukiikimbia, mchana na usiku, bila kujua ni wapi watakapolala. "Chungu kile kilinichoma kichwa," alisema. "Na siku ile hakuna aliyetupimia kilometa." Hakusema zaidi, wala hatukumwuliza.

Baada ya Kalundu, penye bandari ya meli ziendazo Kalemie na Kigoma, nyumba zinapungua, na njia inabanwa kati ya mawe ya mlima na maji. Hapo tuliona mitumbwi mingi imevutwa mchangani, na wavuvi wamekaa wakishona nyavu. Seremala, mtu wa Bukavu, alishangaa: mbona asubuhi njema hivi hawako kazini? Mzee mmoja akamweleza kwamba mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili tu nyuma. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa: samaki wadogo huufuata mwanga, nao wavu huwangojea. Lakini mwezi ukiangaza ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na samaki hutawanyika. Ndiyo sababu katika siku za mwezi mpevu wavuvi wa Tanganyika hupumzika, wakatengeneza vyombo vyao. Tazameni, hata mwenye kazi ngumu ana majira ya kupumzika, na hapotezi kitu kwa kupumzika.

Tulipoelekea Kigongo saa ilituonyesha kilometa kumi na nusu, tukageuka. Njia yenyewe haigeuki: inaendelea Makobola, Mboko, Baraka na Fizi. Huko, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa Wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padre mzalendo, Albert Joubert. Miaka sita baada ya mbio zetu, tarehe 18 Agosti 2024, walitangazwa Wenye Heri katika mji huu huu wa Uvira. Wao walikuwa na nafasi ya kukimbia, wakakaa.

Kurudi kulikuwa kugumu. Jua lilikuwa limepanda, na joto la ziwa si joto la Bukavu. Watoto waliamka, wakatufuata kwa makelele, wengine pekupeku, nao wakatupita bila taabu. Mmoja alikwenda nasi karibu kilometa mbili, akiwa ameshika ndala zake mkononi zisichakae. Tulimaliza kwa saa mbili na dakika 14. Kwa mkimbiaji hodari huo ni mwendo wa kobe. Jacob Kiplimo wa Uganda, mwaka 2021, aliumaliza urefu huo katika Lisbon kwa dakika 57 na sekunde 31, na hiyo ilikuwa rekodi ya dunia wakati ule. Lakini Kiplimo hakulazimika kumwamkia kila mama njiani.

KUVUKA MPAKA

Alasiri tulipanda gari kwenda Kavimvira, tukaonyesha hati zetu, tukavuka kwa miguu hata upande wa Gatumba. Foleni ilikuwa ndefu: akina mama wenye ndizi, vijana wenye baiskeli zilizojaa magunia, mzee aendaye kumwona dada yake mgonjwa. Wote walisema Kiswahili, kisha wakichanganya Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi. Watu ni wale wale. Mhuri tu ndio unaobadilika.

Gatumba tulipita kwa kimya. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa hapo katika kambi yao. Walikuwa wamekimbia, wakadhani wamefika. Mwalimu alivua kofia yake, nasi tukafanya vivyo hivyo.

Mbele yake ni daraja la Ruzizi. Maji ni mazito, rangi ya udongo, na kando yake kuna matete na viboko. Mto huu ulikuwa fumbo kubwa kwa wageni wa zamani. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira wakitafuta chanzo cha Nili. Walitumaini kwamba Ruzizi unatoka katika ziwa na kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia kwamba unaingia. Hata hivyo mabishano hayakukoma kule Ulaya. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika mpaka mdomo wa mto, wakauona kwa macho: maji yanaingia ziwani. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Ni vema mgeni kuona kwa macho yake. Ni vema zaidi kumsikiliza mwenyeji.

SIKU YA PILI

Tulilala Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake, kwa jamaa wa mwalimu. Mji huu ulikuwa bado makao makuu ya serikali wakati ule, kwa kuwa Gitega haijatangazwa kuwa mji mkuu. Tulipoamka, mapaja yalikuwa magumu kama mbao, na seremala alisema anazijua mbao laini kuliko hizo. Kuteremka ngazi tatu za nyumba kulikuwa kazi.

Zamani Bujumbura ilisifika kwa wakimbiaji wake. Jumamosi na Jumapili asubuhi makundi makubwa yalipita barabarani, wake kwa waume, wakiimba na kupiga makofi, hatua moja na pumzi moja. Lakini mwezi wa Machi mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kukimbia kwa makundi mjini, isipokuwa katika viwanja vilivyoruhusiwa, kwa kuhofia kwamba mbio zitageuzwa kuwa maandamano. Basi jamaa zetu walituonya: msiwe kundi, msiimbe. Tulikimbia kwa utulivu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa nafasi ya hatua ishirini. Jana tulikuwa tumewatia watu hofu kwa kuwa Uvira kukimbia ni dalili ya vita. Leo ilitupasa tusiwatie watu hofu kwa namna nyingine. Ndipo tulipotambua kwamba watu kukimbia kwa furaha barabarani si jambo dogo. Ni mojawapo ya matunda ya amani, nalo huiva polepole sana.

Tuliondoka mapema kabla ya gwaride la sikukuu, tukaelekea kusini katika barabara ya Rumonge. Tulivuka mto Muha, kisha Kanyosha, tukapita Ruziba, ziwa likiwa mkono wa kuume. Ng'ambo, bluu na kubwa, ilionekana milima ya Uvira, tulikokuwa jana. Mwalimu aliitazama muda mrefu. Alisema kwamba tangu utoto ameiona milima ya Burundi kutoka kwao, na kila mara aliiona kama nchi ya watu wengine. Lakini kutoka huku, kwao ndiko kunakoonekana kuwa ng'ambo.

Karibu na Mugere, kilometa kumi hivi kutoka mjini, juu kidogo ya barabara, kuna jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sivyo, alimkuta Ujiji, majuma machache kabla. Hapa walipumzika katika safari ile ile ya kuutazama mto Ruzizi. Nasi tulipumzika dakika tano, tukanywa maji yenye chumvi kidogo na sukari, tukala ndizi mbili mbili, tukageuka.

Kilometa ya kumi na sita goti la seremala lilianza kumwuma. Alituambia tumwache. Mwalimu akamjibu: "Mdogo wangu, mwaka 1996 mama yangu hakumwacha mtu njiani. Leo hakuna hata risasi moja, nitakuachaje?" Tukatembea pamoja naye, tukakimbia kidogo, tukatembea tena. Tulimaliza kwa saa mbili na dakika 51, mji ukiwa umejaa ngoma. Kilometa 42 na mita 195 zilikuwa zimetimia, nusu katika kila nchi. Baada ya kuoga tulikwenda kusali Misa, na kupiga magoti siku ile kulikuwa sadaka ya kweli.

MFANO WA NIYONGABO

Njiani tulizungumza juu ya Vénuste Niyongabo, Mrundi aliyeshinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Burundi. Lakini si watu wote wajuao jinsi ilivyopatikana. Mbio zake hasa zilikuwa mita 1,500, na wengi walimtazamia kushinda hizo. Mwenzake mkubwa, Dieudonné Kwizera, alikuwa ameikosa michezo miwili ya Olimpiki kwa sababu Burundi ilikuwa haina kamati ya Olimpiki. Niyongabo alimwachia nafasi yake katika mita 1,500, naye akaenda kushindana katika mita 5,000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara mbili tu maishani. Akashinda. Na mwaka huo wenyewe nchi yake ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vijana wetu wasisahau: yeye aliyempa mwenzake nafasi hakupungukiwa.

MASHAURI KWA VIJANA

Wako watakaotaka kujaribu. Kwanza, usianze na kilometa 21. Anza na tatu, ongeza kidogo kila juma, hata miezi minne au mitano ipite. Pili, ukiwa na mbio mbili kwa siku mbili, siku ya kwanza ikimbie ukiwa bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukikosa pumzi ya kuzungumza, umekwenda mbio mno, na deni lake utalilipa kesho. Tatu, mara umalizapo, kunywa maji na kula: ugali, wali au viazi vikurudishie nguvu, samaki au maharage yaitengeneze misuli. Nne, lala usingizi wa kutosha. Tano, maumivu ya misuli yatapita, lakini maumivu makali ya kiungo ni onyo: simama. Sita, amkia watu njiani.

TANGU WAKATI ULE

Mwenye kuifuata njia yetu leo hataikuta kama tulivyoiona. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba maelfu. Mwaka huo huo maji ya Ruzizi yaliifunika Gatumba. Ziwa lenyewe lilipanda, na tena likapanda mwaka 2024, likameza nyumba na njia za ufukoni pande zote mbili. Na mwezi wa Desemba mwaka 2025 vita iliingia Uvira tena. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, na wengi walipita kwa miguu katika mpaka ule ule wa Kavimvira na Gatumba. Mwalimu alikuwa miongoni mwao, pamoja na mke wake na watoto wake, na mama yake mzee. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa akimwongoza mama.

Twawaombeni, wasomaji wetu, jambo moja lililo jepesi. Mkimwona mgeni amefika katika parokia yenu, vumbi miguuni, msimwulize kwanza ametoka kabila gani wala anakaa siku ngapi. Mpeni maji. Huenda amekwenda kilometa nyingi kuliko mkimbiaji yeyote mnayemshangilia, wala hakuna aliyemngojea penye utepe. Tena waombeeni watu wa pande zote mbili za ziwa, ili ije siku ambapo vijana wa Uvira na wa Bujumbura watapita barabarani kwa makundi wakiimba, na mama mwenye beseni kichwani atasimama kuwapigia vigelegele, bila kutazama nyuma yao.